Sifa za Mtoto Mvunja Runinga

Wanadamu ni wakarimu kwa wavunjaji. Avunjaye rekodi ya mbio huvishwa nishani. Avunjaye ngome ya adui hutungiwa utenzi. Mwari aliyevunja ungo huchezewa ngoma na kuvikwa kanga mpya. Na wavunjao jungu katika siku za mwisho za Shaabani huita jamaa na majirani waje kula nao kabla ya mfungo. Hata mvunja ndoa, akiwa na mali, hakosi watetezi. Yuko mvunjaji mmoja tu ambaye, pamoja na wingi wa kazi zake na ukubwa wa athari zake, hajapata mtu wa kusimama mbele ya baraza la watu wazima na kumnenea wema: naye ni mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyevunja runinga ya nyumbani kwao.

Nami nimeona si insafu. Lucian wa Samosata alimsifu nzi katika karne ya 2 baada ya Masihi. Synesius, aliyekuwa askofu katika nchi ambayo leo ni Libya, aliusifu upara. Na Erasmus wa Rotterdam aliupa upumbavu kitabu kizima, kilichopigwa chapa mwaka 1511 na kusomwa mpaka leo na watu wenye akili. Ikiwa nzi, ambaye hajapata kumfanyia mtu hisani yoyote, na upara, ambao hauna hata nguvu ya kurusha kijiko, walipata mawakili wa hadhi hiyo, mtoto wa Mbagala hawezi kuachwa bila wakili kwa sababu tu kwamba yeye mwenyewe bado hajaweza kutamka sentensi nzima.

Desturi ya wenye kusifu ni kuanza na nasaba na makazi. Nasaba ya mtoto huyu ni vigumu kuithibitisha, kwa kuwa siku ya tukio kila mzazi humkabidhi mwenzake: baba husema, "Njoo uone alichofanya mwanao," na mama hujibu kwamba utundu wa namna hiyo haujapata kuonekana kwao, na kwamba anayetaka kujua chanzo chake akawaulize mashangazi. Makazi yake hayana shaka. Ni Tandika, Buza, Yombo na Mbagala kwa upande wa Temeke. Ni Tandale, Kigogo na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni. Na aghalabu ni chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwa nyuma, chumba ambacho ndani yake kitanda, kabati la nguo, ndoo za maji, mtungi wa gesi na watu wanne au watano vimekubaliana kuishi kwa kupishana. Katika msongamano huo mna mahali pamoja tu ambapo hapawekwi ndoo wala hapaanikwi nguo. Hapo ndipo ilipokaa runinga, juu ya meza iliyochongwa na maseremala wa Keko, imetandikiwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na ubavuni pake yamesimama maua ya plastiki ambayo hayajapata kunyauka tangu siku ya harusi. Na meza ile, kwa sababu ambayo seremala hajapata kuulizwa, ina kimo kisichozidi kifua cha mtoto wa miaka miwili.

Runinga haikuingia chumbani kwa wepesi. Mama alingoja zamu yake ya upatu hata ikafika. Baba akaongezea kwa mkopo ambao mpaka leo hataki kutaja riba yake mbele ya watu. Na siku ya siku ikasafirishwa kutoka Kariakoo ndani ya bajaji, imekumbatiwa kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe, huku dereva akiombwa kila kwenye tuta apite polepole. Majirani walitoka barazani kuitazama ikishuka. Hata boksi lake halikutupwa: liko juu ya kabati mpaka leo, kuwa ushahidi. Msomaji ayazingatie hayo yote, maana ukubwa wa tendo hupimwa kwa ukubwa wa kilichotendwa, na mtu aliyevunja chungu hawezi kulinganishwa na aliyevunja upatu wa mwaka mzima.

Silaha za mtoto ni za kuokota. Hana panga wala rungu. Hutumia kijiko cha uji, mwiko, kikombe cha bati, kiatu kimoja cha baba, gari lililotengenezwa kwa kipande cha dumu, na mara nyingi kuliko silaha zote hizo hutumia rimoti ya runinga yenyewe. Ni jambo ambalo mwanafalsafa angesimama na kulitafakari, kwamba chombo kilichobuniwa ili runinga itawaliwe kutoka mbali ndicho kinachoimaliza ikiwa karibu. Wahenga walituambia mtoto akililia wembe tumpe. Juu ya rimoti walinyamaza, na naamini walikuwa na sababu.

Wala asidhaniwe kuwa huvunja kwa chuki. Katika kipindi cha Akili and Me, kinachotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na Ubongo kwa ajili ya watoto ambao bado hawajaanza shule, yuko msichana wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, na miongoni mwa rafiki zake ni kiboko na simba mdogo. Mtu mzima akimwona simba huyo husema ni katuni, akaendelea kunywa chai. Mtoto husema ni simba. Na maadamu ni simba, tena amesogea karibu na mtoto wa watu, je, mwenye murua afanye nini, kama si kushika mwiko na kwenda kutoa auni? Tunamlaumu kwa kuwa na imani ambayo sisi tumeipoteza. Nasi wenyewe hatukuipoteza yote, maana siku Simba na Yanga wanapokutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke hiyo hiyo, baba mtu huinuka kitini, humtukana mwamuzi kwa matusi ambayo kioo hakina njia ya kuyafikisha, huvua kandambili, huinyanyua, huapa kwamba leo ataipiga; kisha hukaa. Mtoto yupo mkekani, anatazama. Tofauti yake na baba yake haiko katika ukali wa nia, ila katika ukamilifu wa utekelezaji.

Sasa tuingie katika tendo lenyewe, ambalo ni fupi. Kioo cha runinga bapa za siku hizi ni vipande viwili vyembamba, kila kimoja unene wake haufikii milimita moja, na baina yake umetandazwa umajimaji unaotii umeme, ukifunga na kufungua njia ya mwanga wa taa zilizoko nyuma. Ustadi wote huo, uliowachukua wataalamu miaka mingi, hungoja kijiko kimoja. Kijiko kikifika, nyufa hutawanyika, doa jeusi huenea kutoka palipopigwa, mistari ya kijani na zambarau husimama wima upande wa kulia. Na mtoto, ambaye katika maisha yake yote hajapata kuona kipindi cha kupendeza kiasi hicho, hupiga makofi.

Lakini angalia shani hii: picha imekufa, sauti haikufa. Msoma habari anaendelea kusoma habari gizani. Mpira unaendelea kuchezwa, mtangazaji anapiga kelele, bao linafungwa, na hakuna ajuaye limefungwa vipi ila kwa kuambiwa. Kwa pigo moja, bila fundi na bila gharama ya ziada, mtoto ameigeuza runinga kuwa redio. Na watu wa nyumba ile, waliokaa kitambo kirefu wakitazamana visogo, wanajikuta wameinamisha vichwa na kusikiliza, kama walivyosikiliza babu zao walipokuwa hawana ila Redio Tanzania.

Hapo ndipo siasa inapoingia, na hapo ndipo ninapoona fadhila kubwa kuliko zote za mteja wangu. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Tanzania Bara haikuwa na haraka. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikiona chombo hiki kuwa anasa ya wachache wa mjini, katika nchi ambayo wakulima wake walikuwa wakihitaji majembe, maji na shule, na kwa zaidi ya miaka 30 tangu uhuru Dar es Salaam haikuwa na kituo chake cha televisheni, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar, ng'ambo ya mkondo, walifungua chao mwaka 1973, tena cha rangi, wakati ambapo nchi nyingi za bara hili zilitazama nyeusi na nyeupe, kama zilitazama chochote. Ni mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi, CTN, DTV na ITV, vilipoanza kurusha picha jijini, na televisheni ya taifa ikafuata nyuma kwa mwendo wa mgeni aliyealikwa kwa kuchelewa. Tangu hapo ile rai ya kale haikupata mtetezi. Waliokuwa wakiisema majukwaani wamekwenda mbele ya haki, na waliokuwa wakiipigia makofi wametundika inchi 55 ukutani. Amebaki mfuasi mmoja mwaminifu, asiyejua kama Azimio la Arusha lilitolewa mwaka 1967 au jana asubuhi, lakini ambaye kila siku, katika chumba fulani cha Tandale au Tandika, huitekeleza siasa ya kuzuia anasa kwa bidii ambayo viongozi wengi hawakuwa nayo hata enzi zenyewe.

Ni kweli kwamba dola nayo ilipata kushindana naye mara moja. Usiku wa mwisho wa mwaka 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, runinga zote zisizokuwa na king'amuzi ziliingia giza kwa pamoja, na wengi wakaupokea mwaka mpya wakitazama chenga. Walakini, kazi ile ilihitaji mamlaka, kanuni, na matangazo ya miezi mingi, na baada ya yote hayo iliponyeka kwa mtu kwenda dukani na kurudi na king'amuzi. Giza la mtoto halina king'amuzi. Wala hamtangazii mtu tarehe.

Fundi huitwa, kwa sababu matumaini ni sehemu ya msiba. Huja na mkoba wake, huiwasha, huitazama kwa muda ambao adabu inautaka, kisha huizima bila kufungua hata skrubu moja. "Kaka, hapa kioo kimekwenda," husema. "Na kioo ndiyo TV yenyewe." Anasema kweli: kioo kipya, kikipatikana, bei yake hukaribia bei ya runinga nzima, hata kukibadilisha kukawa ni israfu juu ya hasara. Basi yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayekuondolea mzigo, hujitolea kuinunua kwa bei ya kuku, maana ndani yake ubao wa umeme ni mzima, taa za nyuma ni nzima, spika ni nzima, na yako majumba mengine ambayo runinga zao zimeunguzwa na umeme uliokatika na kurudi kwa ghadhabu, nazo zinangoja viungo hivyo. Hivyo ndivyo maiti moja ya Yombo inavyofufua wagonjwa watatu wa Mtoni. Muuzaji wa Kariakoo anapata mteja, mwenye bajaji anapata safari, mkopeshaji anapata mkopaji. Wako watu wazima wenye ofisi na mihuri ambao hawajapata kuzungusha fedha kwa wepesi huo.

Naomba sasa niseme neno moja pasipo mzaha, kisha nirudi. Zile runinga za kale, zenye chogo, hazikuwa zikivunjika kwa kijiko. Kioo chao kilikuwa kinene, na mtoto angeweza kuzitwanga mchana kutwa. Hasara yao ilikuwa nyingine: zilikuwa nzito, uzito wao wote ulielemea mbele, zikawekwa juu ya stuli na makabati ya nguo, na mtoto aliyevuta waya au kupanda droo alizishusha juu yake. Uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya miaka 1990 hadi 2011 ulikuta kwamba kwa wastani watoto wapatao 17,000 kila mwaka walifikishwa hospitalini nchini humo kwa majeraha yaliyohusu runinga, na waliokuwa chini ya miaka mitano ndio waliokuwa wengi. Runinga bapa nayo huanguka, na huumiza. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwanawe amevunja kioo, swali langu la kwanza si inchi ngapi. Akiwa mtoto amesimama na amekamata mwiko, na kilichopasuka ni kioo peke yake, basi nyumba ile ina jambo la kushukuru, hata kama leo haijisikii hivyo.

Narudi. Upande wa afya sitakawia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa Aprili 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asipitishe saa moja kwa siku. Mwongozo huu haukufika Kigogo, au ulifika siku ya tamthilia. Mtoto aliutekeleza mwenyewe, tena akaanza na nafsi yake, jambo ambalo ni nadra kwa watunga sheria.

Wapinzani wangu watasema: apigwe. Watasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nawajibu kwa kuwauliza alikuwa wapi mlezi. Alikuwepo, hatua mbili kutoka meza ya Keko, ameinamia kioo kingine kidogo cha mkononi, akicheka. Na nawauliza pia mtoto acheze wapi. Kile kiwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba kimejengwa fremu za maduka. Uwani pana majiko na ndoo za wapangaji wengine. Barabarani zinapita bodaboda zisizongoja mtu. Tulimwachia eneo la mkeka mmoja, mbele ya kitu king'aacho, chenye kelele, kilichowekwa usawa wa mkono wake, tukamwambia asikiguse. Kadhi mwenye insafu angemwita kwanza seremala, kisha mwenye nyumba aliyekataza kutoboa ukuta wake, kisha aliyekijenga kiwanja, na zamu ya mshitakiwa ingefika jioni, akiwa amelala.

Na nani asiyeona alivyoirudisha jamii? Habari huenea kabla fundi hajafika, na majirani huja mmoja mmoja kutoa pole. Huvua viatu mlangoni. Hukaa kitandani, maana viti havitoshi, hutazama kile kioo cheusi kwa kitambo, hutikisa vichwa. "Shoga, pole. Yote imepasuka?" "Yote, shoga." "Hata kidogo haionyeshi?" "Pale pembeni tu, unaona kichwa cha mtu." Husimuliwa za kwao, kwa kuwa karibu kila mmoja ana yake: ya mwaka juzi iliyopigwa na chupa ya uji, ya wifi yake wa Chamazi iliyopigwa siku ya pili tu baada ya kununuliwa, na boksi bado lilikuwa mlangoni. Huletwa chai. Saa tatu ya usiku, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili inapokaribia, mwenye msiba hualikwa chumba cha tatu akatazame huko, naye ambaye kwa muda mrefu alikuwa hapiti mlango huo kwa sababu ya ugomvi wa zamu ya kufagia uwa, hupita. Wako walioona kwamba huzuni ya baadhi ya wageni ilikuwa na chembe ya faraja ndani yake. Sitalichimba hilo. Husuda ikitulia ni heri kwa nyumba nzima.

Imebaki fadhila moja, nayo ndiyo iliyovuka mipaka ya nchi. Ziko runinga zinazouzwa sasa Dar es Salaam kwa jina la dabo glasi, zenye kioo cha ziada cha kinga mbele ya kioo cha picha, na matangazo yake hayazungumzii rangi wala sauti: yanamzungumzia mtoto. Wapo wanazuoni wetu walioandika vitabu vizito na hawakubadilisha hata ratiba ya daladala. Huyu, kabla ya kujua kujifunga vifungo, amewafanya wenye viwanda vya mbali wabadilishe bidhaa yao, na ameingia katika tangazo la biashara bila kulipwa haki yake. Mnunuzi siku hizi haulizi inatoka nchi gani. Huuliza kama ina vioo viwili.

Na muuzaji wa Kariakoo, anayejua kwamba maneno matupu hayauzi, huichukua rimoti mezani, hujongea runinga iliyowashwa, na kuigonga kioo kwa nguvu, ko, ko, ko, mara tatu, mara nne, kisha kwa ngumi, kisha kwa chupa ya maji, huku akicheka na kusema, "Umeona, mama? Mwache tu apige!" Mama ameridhika, anaanza kuuliza bei ya mwisho. Mtoto, ambaye hakukuwa na mtu wa kumwachia, amefungwa mgongoni kwa kanga, amechomoza kichwa begani. Na katika duka lote hakuna mwanafunzi aliyekuwa makini kuliko yeye, kwa sababu nyumbani alipofanya vile vile alipigwa, na hapa mtu mzima anayafanya hayo hayo mbele ya hadhara, na anakaribia kulipwa.